Mlango wa Kutokea Tu

Siku za kawaida Margareta aliuza vitumbua mbele ya nyumba aliyopanga Ulongoni, huko nyuma ya Gongo la Mboto. Siku za mechi alivaa fulana ya kijani ya walinzi, akasimama kwenye mlango mkubwa wa uwanja wa Mwanga kupekua wanawake. Kazi hiyo aliipata bila kuiomba. Wanawake walikuwa wamechoka kupapaswa na vijana wa kiume, wengine wakawa wanarudi nyumbani na tiketi zao mkononi, ndipo uongozi wa klabu ukatafuta mama mtu mzima mwenye mikono myepesi na mdomo usiotukana. Alikuwa na yote mawili. Alikuwa pia na sauti, ile sauti pana ya wanawake wa Masasi wanaoitana kutoka shamba hadi shamba, ingawa kwa miaka yake mingi ya mjini hakuwa na mtu wa kumwita kwa umbali kiasi hicho.

Mara moja tu aliwahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo. Usiku ule mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, Margareta na mumewe Fredrick, marehemu sasa, mchonga vinyago, walitoka mbio kama alivyotoka kila mtu. Binti yao wa pekee, Herieth, alikuwa darasa la pili. Kwenye msongamano wa barabara ya Pugu mkono wa mtoto ulimponyoka mama yake. Margareta aliita mpaka sauti ikakauka. Alimpata siku iliyofuata, mjini, kwenye uwanja wa mpira ambako watoto waliopotea walikusanywa, amekaa kwenye nyasi anakula biskuti za mtu asiyemjua. Tangu hapo Margareta hakuuona uwanja wa mpira kama wengine wanavyouona. Kwake palikuwa mahali pa kurudishiwa.

Na tangu hapo watu wa upande ule wa jiji wana masikio yao wenyewe. Bati likianguka, mlango wa lori ukibamizwa, utaona vichwa vinageuka na mguu mmoja umeshaanza kuondoka. Kisha watu huendelea na shughuli zao, na hakuna anayelizungumza.

Uwanja wa Mwanga umezungushiwa ukuta wa matofali. Una jukwaa moja la zege lenye paa la bati, mlango mkubwa upande wa barabara, na mlango wa nyuma wa chuma, chini kabisa ya ngazi za jukwaa, unaofungukia kiwanja kitupu ambacho watu wa mtaa huanikia nguo. Wachezaji wa Mwanga hawakupita mlango mkubwa hata siku moja. Watu wa mpira wanajua sababu ingawa hawaisemi kwa sauti: mlango mkubwa ndio wapinzani wanaoutarajia, na ndiko wanakoweka mambo yao. Kwa hiyo timu iliingilia nyuma, kinyumenyume, mmoja mmoja, na ikishapita, kamati ya ufundi ilifunga mlango ule kwa mnyororo na kufuli hadi filimbi ya mwisho.

Kamati ya ufundi, pamoja na jina lake, haikuwa na fundi hata mmoja na haikujua lolote kuhusu kupanga mabeki. Kazi yake ilikuwa yale mambo mengine. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Polikarpo, mstaafu wa reli anayeishi Kipawa, mtu asiyekosa misa ya asubuhi. Akiulizwa anavyochanganya misa na kufuli, alisema Mungu ana kazi nyingi na ligi ni ndefu.

Mwaka jana ukaja mradi. Mfuko mmoja wa nje ulikuwa umekipa chuo kikuu kimoja fedha za kuchunguza usalama wa viwanja vidogo vya pembezoni mwa jiji na kuwafundisha wanaovilinda. Habari hiyo ilichekwa sana pale mlangoni.

"Watu wanatoka uwanjani tangu enzi za mkoloni," alisema Twaha, mlinzi mwenzake Margareta, "leo ndio wanachunguzwa wanavyotoka. Wangetuuliza sie. Wanatokaga kwa miguu."

Aliyeongoza mradi alikuwa Dokta Loveness, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye miwani ya kamba. Hakuwa mshabiki wa timu yoyote, jambo lililomtia Margareta huruma. Msimu mzima yeye na wanafunzi wake walikaa juu ya ukuta na kamera zao, mgongo umeelekea goli, macho yameelekea watazamaji. Goli likifungwa wao ndio pekee ambao hawakuliona. Kisha wakawaita walinzi wa viwanja kadhaa kwenye darasa la shule ya msingi, siku za Jumamosi zisizo na mechi, wakaanza kuwafundisha.

Margareta alikwenda kwa ajili ya chai na posho, kama wengine. Lakini somo lilimkamata. Alijifunza kwamba walio nyuma ya msongamano hawajui kinachowapata walio mbele, na kwa hiyo wanasukuma bila ubaya wowote. Alijifunza kwamba mtu haangamii kwa kukimbia. Anaangamia akisimama, pale anapokosa pa kwenda na watu wanaendelea kuja. Alijifunza kwamba msongamano ukifika mahali pabaya unanyamaza, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupiga kelele. Aliposikia hilo la kunyamaza, alitoka nje akasimama kwenye korido kwa muda. Kwa miaka yote alikuwa amejilaumu kwamba usiku ule alilegeza mkono. Sasa alielewa kwamba hakuna mkono ungeweza kushika.

Jumamosi moja Loveness aliwaonyesha video ya jukwaa la Mwanga likimwaga watu baada ya mechi. Huku chini ya ngazi, kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa, watu walijaa na kuvimba kama maji kwenye mfereji ulioziba.

"Ufunguo wa mlango huu anao nani?" aliuliza.

Walinzi wa Mwanga wakageuka wote kumtazama Twaha.

"Anao mwenye nao," alisema Twaha.

"Ndiye nani?"

"Dokta, hilo suala ni la kiufundi."

Darasa zima likacheka. Loveness naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Wakati wa chai Margareta alimweleza yote, taratibu, bila kumficha kitu. Loveness alisikiliza mpaka mwisho na hakutabasamu, na Margareta akampenda kwa hilo.

"Kule kwetu Machame nako kuna mambo hayo," alisema Loveness. "Shida ni kwamba fedha hizi ni za utafiti na mafunzo tu, mama. Hata komeo siwezi kununua. Uongozi nimeshawaandikia, wamejibu kwamba suala linafanyiwa kazi."

"Likishafanyiwa kazi ujue limelala."

"Nimegundua."

Msimu ukafika ukingoni. Mwanga walikuwa wamebakiza mechi moja nyumbani, na wakishinda wanapanda daraja. Jonas, winga wao wa kushoto, alikuwa mume wa Herieth. Herieth alikuwa na mimba iliyokwisha kukomaa, ya kuhesabu wiki.

"Utasikiliza redioni," Margareta alimwambia.

"Mama, mume wangu anapanda ligi mie nasikiliza redioni? Nitakaa juu kabisa, hakuna atakayenigusa."

"Juu ndiko mbali na mlango."

"Kwani kuna nini? Mbona nilikuwaga nakuja tangu mdogo." Akamshika mama yake bega, akacheka. "Mafunzo hayo yamekutia woga. Hata kwenye harusi sasa unatafuta mlango."

Ilikuwa kweli. Kesho yake Margareta alifunga vitumbua kwenye bakuli, akaenda Kipawa.

Mzee Polikarpo alikuwa kibarazani, amevaa msuli na fulana ya Mwanga ya zamani. Nyumba yake iko karibu sana na njia ya ndege, kiasi kwamba wenyeji wamezoea kukata maneno katikati na kuyaunganisha baadaye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Herieth. Umekuja na vitumbua au na maneno?"

"Vyote."

"Basi tuanze na vitumbua."

Walikula. Mzee aliulizia mimba ya Herieth, goti la Jonas, bei ya mchele. Kisha Margareta akasema, "Mzee, nimekuja kuomba ufunguo."

Ndege ilipita, vyombo vikatetemeka kabatini. Polikarpo akasubiri ipite.

"Amekutuma yule dokta."

"Hajui kama nimekuja."

"Wewe umekulia kwenye mpira, Margareta. Unajua lile si kufuli la choo. Timu ikishapita pale, mtu akipakanyaga tumekwisha. Umesahau mechi na wale wa Mbagala? Muuza maji alipenya kidogo tu, tukala goli tatu."

"Nakumbuka. Nililia."

Na kweli alilia. Hakwenda pale kumcheka mzee wa watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka nyayo za timu, na siku muuza maji yule alipopenya, Margareta alikuwa wa kwanza kumzomea.

"Sasa nifundishe," alisema. "Ubaya ni mlango kufunguliwa, au ubaya ni mtu kuingia?"

Polikarpo alitafuna polepole. Inaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ubaya ni kuingia. Adui anaingia na lake mguuni."

"Na anayetoka?"

"Anayetoka vipi?"

"Mtu wetu. Mshabiki wa Mwanga, amelipa kiingilio chake, anatoka. Anatoka na nini?"

Mzee aliinua uso kama anayesikiliza ndege nyingine, ila ndege haikuwepo.

"Anatoka na vumbi letu," alisema mwishowe. "Hana cha kutudhuru."

"Basi nipe ufunguo wa kutokea. Wa kuingilia baki nao wewe."

"Ufunguo ni mmoja, mwanangu."

"Najua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauvua shingoni, ulikuwa kwenye kamba moja na rozari, akahangaika kuvitenganisha kwa vidole vyake vikubwa vya reli.

"Ukifungua bila sababu, mie na wewe basi."

"Nikifungua bila sababu hata vitumbua usile tena."

"Hapo unaniumiza."

Siku ya mechi uwanja ulijaa mapema. Margareta aliifungulia kamati mlango wa nyuma, akarudi kwenye upekuzi; timu ikapita kinyumenyume, kamati ikabana kufuli, na Margareta akamwachia mwenzake upekuzi wa mlango mkubwa, akaenda kusimama nyuma. Ndipo alipoona kwamba kufuli halionekani. Lilikuwa limeviringishwa kitambaa cheusi, na kitambaa kimefungwa mafundo, fundo juu ya fundo, makubwa kama ngumi.

"Wameongeza," alisema Twaha aliyekuwa akipita. "Mechi kubwa bwana."

Alitaka kuyafungua pale pale. Lakini wanaume wawili wa kamati walikuwa wamesimama karibu wakimtazama, naye alikuwa ametoa ahadi, na kusema kweli kitambaa kile kilimtisha. Alikiacha. Akajiambia kwamba pengine ufunguo hautahitajika, maana mechi ngapi zimepita bila ufunguo kuhitajika. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake siku ile, na ulikuwa udhaifu wa kila mtu wa Mwanga. Aligeuka akatazama juu. Herieth alikuwa mstari wa mwisho, chini ya bati, kilemba cha njano, anapunga mkono.

Mwanga walipata goli mapema kipindi cha pili. Watu walikuwa bado wanaimba pale tairi la lori la kokoto lilipopasuka barabarani, nyuma ya ukuta.

Mlio ule uligonga bati la jukwaa ukarudi chini mara mbili. Mahali pengine popote watu wangeshtuka na kucheka. Wale hawakuuliza. Walikuwa wameshauliza zamani, usiku mmoja, na jibu walikuwa nalo miguuni. Jukwaa zima liliinuka kwa pamoja na kuteremka.

Walio chini walifika mlangoni na kuukuta umefungwa. Walio juu hawakujua, wakaendelea kuja. Margareta alikuwa ameegemea chuma, ufunguo mkononi, vidole vya mkono mwingine vimezama kwenye kitambaa, na mafundo hayakulegea. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Kitambaa kilikuwa na ladha ya mafuta na majivu. Nyuma yake makelele yalikuwa makubwa, watu wanaitana, wanamwita Mungu. Kisha yakaanza kupungua. Alijua maana yake. Alifundishwa maana yake kwenye darasa lenye michoro ya wanyama ukutani, na sasa ilikuwa mgongoni kwake, na kilemba cha njano hakukiona tena popote.

Mkono ukamsukuma pembeni. Alikuwa Mzee Polikarpo. Alikuwa amepita vipi katikati ya watu wale, hata mwenyewe hakuweza kueleza baadaye. Margareta alidhani amekuja kumzuia, akashika mnyororo kwa nguvu zake zote.

"Achia," alisema mzee. "Niliyefunga ni mie. Hufungui hayo mpaka Krismasi."

Alivuta ncha moja iliyofichwa ndani, mara moja, na mafundo yote yakaachia kama nywele zinazofumuliwa. Margareta akaingiza ufunguo. Mnyororo ukaanguka miguuni mwao na mlango ukafunguka kwa nje, kwa uzito wa watu.

Hapo sauti yake ikatoka, ile ya Masasi. Hakusema maneno mengi, maana alifundishwa asiseme mengi. "Njoo. Taratibu. Njoo. Kuna nafasi." Aliwaonyesha njia kwa mkono mzima, wakapita kwenye kiwanja kile, kwenye shuka na kanga zilizoanikwa, wakaenda mbali kadiri walivyotaka. Juu, Loveness aliyekuwa ameiacha kamera yake ukutani alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono ameitandaza, anawazuia wa mistari ya mwisho kwa sauti ya mwalimu wa chekechea: "Mlango uko wazi. Umefunguliwa. Hatua moja, halafu nyingine." Walimsikiliza. Msongamano ulianza kupumua, na makelele yakarudi, na Margareta hakuwahi kupenda makelele kama alivyoyapenda siku ile.

Herieth alitoka karibu na wa mwisho, anatembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Loveness alikuwa amemkalisha juu mpaka njia ilipokuwa nyeupe.

"Lilikuwa tairi, mama," alisema Herieth.

Margareta alimshika uso, akamshika mabega, akamshika tumbo.

"Unanipekua?" Herieth aliuliza.

Mama yake alitaka kumjibu, akakuta anacheka, akakaa chini kwenye vumbi na fulana yake ya kijani.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko na mama mmoja aliyeteguka kidole. Huko nje watu walikuwa wameshaanza kutaniana, kila mmoja anamkana mwenzake kwamba hakukimbia yeye, alisukumwa tu. Dereva wa lori aliletwa kuombwa radhi kwa matusi aliyotukanwa. Mwamuzi akaita timu, mchezo ukaendelea, na umati ukataka kurudi ndani kwa njia ile ile.

Polikarpo alisimama kati ya nguzo za mlango, mikono ameikunja.

"Kutoka ruksa," alisema. "Kuingia mzunguke."

"Mzee, goli tutalikosa."

"Mzunguke. Mama Herieth, waeleze."

"Mzunguke," alisema Margareta.

Walizunguka wakilalamika, mlango mkubwa ukawameza wachache wachache, na wengi kweli walilikosa goli. Lilikuwa la wapinzani, dakika za mwisho. Sare. Mwanga hawakupanda daraja. Baada ya filimbi vijana kadhaa walikuja nyuma na nyuso zilizokunjamana, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mlango umefunguliwa na mwanamke, sasa wanashangaa nini.

"Mlango haukuingiwa na mtu," alisema Polikarpo. "Nilikuwepo. Goli lile ni la beki aliyelala. Mwenye neno na mlango aje kwangu, mie ndiye mwenyekiti." Vijana wakaondoka. Alipokuwa peke yake na Margareta akaongeza, akitazama pembeni, "Kitambaa kile kilikuwa wazo langu. Mwakani tutafunga kitu kingine. Kitu cha kuvutika."

"Kibaki huku upande wa ndani."

"Kitabaki upande wa ndani."

Loveness alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, miwani mkononi, anaifuta na kuifuta. Mfuko ule ulikuwa unasubiri ripoti yake kabla ya kuamua kama mafunzo yataendelea kwenye viwanja vingine.

"Wataniuliza kilitokea nini," alisema. "Nitawaambia hakikutokea kitu. Unaombaje fedha kwa kitu ambacho hakikutokea?"

"Waambie watu walitoka," alisema Margareta.

"Hilo tu?"

"Wewe waambie. Wakitaka zaidi waje waangalie."

Chini ya jukwaa, kuanzia ngazi mpaka mlangoni, vilikuwa vimetapakaa viatu. Ndala, sendo, raba za kisigino kilichokanyagwa, kiatu cha mtoto chenye taa. Margareta aliwahi kuona kwenye televisheni viatu namna hiyo, vya viwanja vya nchi nyingine, vimepangwa mstari na hakuna anayekuja kuvichukua. Alisimama akavitazama.

Lakini hawa walikuja. Walikuja mguu mmoja mtupu, wanarukaruka, wanagombana. Wanawake wawili walivuta ndala moja ya bluu, kila mmoja anaapa ni yake, mpaka Twaha akapata mwenzake wa ndala hiyo na nyingine za bluu zinazofanana nayo, ukoo mzima. Mzee mmoja aliondoka na raba mbili za mguu wa kushoto, hataki kusikia ushauri. Vicheko vilijaa pale chini ya zege, mahali ambapo muda mfupi uliopita palikuwa pamenyamaza.

Herieth aliketi kwenye ngazi na kunyoosha mguu uliovimba.

"Kiatu cha mguu wa kulia hakionekani, mama. Ni kile cheusi chenye kifungo."

Margareta akapiga magoti, akaanza kukitafuta.